Mwaka Mmoja Bila Mbuthia, na Aliyemuua Bado Anatembea

Mwaka umekatika, Mbuthia, tangu Mama asukume mlango wa chumba chako hapa mtaani Satellite akakukuta sakafuni, mikono imefungwa kwa waya wa pasi. Mwaka mzima, na hakuna aliyeshikwa.

Ulikuwa msusi Kenyatta Market, na mdomo wako haukuwa na breki. Mama akifika na kitambaa kichwani, ulimkaripia mbele ya wateja: "Mathe, hiyo kitambaa utavaa mpaka lini? Keti hapa!" Yeye alikuita Baba, kwa kuwa ulibeba jina la babake, nawe ulijua kulitumia. Ukitaka chapati: "Kwani unaweza nyima babako chakula?" Hajaketi kwa msusi mwingine tangu uondoke.

Yule aliyekuua ulimkaribisha mwenyewe. Vikombe viwili vya chai vilikuwa mezani, kimoja hakijaisha. Kabla polisi hawajafika, akina mama wa kanisa walikuwa wameshapiga deki na kuosha vyombo vyote, maana waombolezaji walikuwa wanaingia na chai ilihitajika. Mama akawashukuru. Kumbe alama za vidole za muuaji zilikuwa zinakwenda na maji ya sabuni!

Kabla yako aliuawa kijana wa Parklands. Baada yako, mwingine wa Kawangware. Waya vilevile, chai vilevile, na wote walikuwa wanaume waliopenda wanaume. Mama amechakaza viatu akienda kituoni. "Mama, hawa vijana wana mambo yao," askari akamwambia. "Enda nyumbani, tutakupigia."

Mama alipandisha sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Mtoto wangu alipenda wanaume. Najua, nilimzaa mimi. Sasa niambie, nani alimuua?"

Askari aliinamisha kichwa akaita aliyefuata kwenye foleni.

Mzee, babako, hakutaka haya yaandikwe gazetini. Alisema watu watatucheka. Mama akamjibu, "Wacha wacheke. Wakimaliza, mmoja wao aseme alichoona." Jamani, amekonda, halali, kila kijana akipita mlangoni anajiuliza kama ndiye atakayefuata.

Rafiki zako wanamjua aliyekuua kwa sura, Mbuthia. Wanaogopa polisi, wanatuogopa hata sisi. Mama anawasihi: njooni nyumbani mchana, mtakula, hamtaulizwa majina. Nyinyi rafiki zake mnaogopa kujulikana. Yeye anaogopa kuitwa kwenye msiba wa mmoja wenu.

Wanaokukumbuka ni babako Jamleck, aliyekataa mpaka jana, kisha akasema jina lake liandikwe la kwanza, mamako Nyakio, kakako Muigai na dadako Wahu.

Hatutakusahau kamwe, mwanetu, na hatutaacha kumtafuta.