Maganda Hamsini ya Kaka Clifford

Toongabbie, 22 Juni 2021

Kaka Clifford,

Hujambo? Wifi Wangari hajambo? Mimi bado nina macho mawili, na si kwa hisani yako.

Jumamosi kule klabu ya shabaha, risasi ya tatu tu, moshi wa moto ukanirudia usoni. Miwani ndiyo iliyoniokoa. Nilipofika nyumbani nikayapima maganda ya risasi uliyonikatia. Saba kati ya hamsini ni marefu kupita kiasi. Ganda refu hubana risasi, nguvu ya baruti ikakosa pa kutokea; wewe ndiye uliyenifundisha hayo. Kazi yako ni moja, kuyakata midomo kwa ile mashine yako ya mkono mpaka yalingane, kisha mimi najaza baruti. Ulikuwa unapima au unatazama mpira? Nimekasirika, na simu zangu hupokei.

Dada yako,
Jerusha

Macquarie Fields, 5 Julai 2021

Dada,

Sisi tu wazima, ila korona imetufungia ndani kama kuku, ruhusa ni ya kazini tu. Pole kwa moshi, lakini usinipake matope. Nilianza kupima vyuma wewe hujui kufunga kamba za viatu. Labda ulizidisha baruti. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Nakutumia maganda mengine hamsini, matupu. Kila moja nimelipima mara mbili. Naharakisha, kazini ghalani foklifti ya kuinulia mizigo inanisubiri.

Kaka yako,
Clifford

Toongabbie, 19 Julai 2021

Kaka,

Salamu. Safari hii nikikuuliza hali, nakuuliza kweli.

Kumi na mawili ni marefu. Moja ni fupi mno, halihitaji hata kalipa ya kulipimia. Mvivu hakosei hivyo. Halafu barua yako: maneno manne kila mstari, makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na mistari miwili imepandana. Mama alianza hivihivi kabla sukari haijamaliza macho yake. Nauguza watu wa nje kila siku, nawe unanificha mimi? Na bado unainua mizigo juu ya vichwa vya wenzako?

Barua hii nimeiandika kwa kalamu nene. Chini ya jina langu nimeongeza mstari mmoja wa penseli, kwa herufi ndogo. Niambie unasemaje. Usimwombe Wangari akusomee.

Dada yako,
Jerusha

Macquarie Fields, 27 Julai 2021

Jerusha,

Hatujambo. Umenivunjia heshima. Mimi ni mkubwa wako, na sikukuomba unipime macho. Wakinitoa kwenye foklifti, kwa umri huu nitaanza kazi gani?

Mstari wako nimeusoma bila taabu. Ni maneno mazuri, na nimekusamehe. Yaishe.

Kaka yako,
Clifford

Toongabbie, 30 Julai 2021

Kaka yangu,

Leo sikuulizi hali. Chini ya jina langu sikuandika kitu.

Nililia, kisha nikakasirika upya, na hasira bado ninayo. Ungeniua mimi, au ungemuua mtu ghalani, kwa sababu ya kuona haya. Kumhudumia mgonjwa kunaruhusiwa, kwa hiyo polisi wakinisimamisha njiani nitawaambia ukweli. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Daktari wa macho anatungoja saa nne. Kalipa nitaichukua mimi. Wewe utazungusha mkono wa mashine, nami nitapima.

Wifi Wangari, bahasha nimeiandika jina lako makusudi. Msomee yote, polepole, hata akikufokea. Ukimaliza, ufunguo wa gari uweke wewe.

Dada yenu,
Jerusha