Kajuju Alibaki Kangeta

Embu, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,
Natumai hujambo, na ndizi zinatoka vizuri pale soko la Gakoromone. Mimi ni mzima, ila nina wasiwasi. Siku ya wazazi ulipoinama, niliona blauzi imenata mgongoni kwa majimaji. Ukasema ni joto. Mama, vidonda vya mdomo unamwonyesha daktari wa meno, malengelenge unanunulia mafuta dukani. Nani ameviona vyote pamoja? Tafadhali usifiche. Na mdogo wangu Kajuju bado yuko kwa nyanya?
Binti yako, Mukiri

Meru, 23 Februari

Mwanangu,
Salamu nyingi. Mimi hivyo hivyo tu, hata uji unachoma. Nilikwambia nyanya alimtaka Kajuju akae naye. Sivyo. Jirani aliniambia, "Mama Mukiri, utamwambukiza huyo mtoto!" Nikaogopa, nikamwachisha kunyonya, nikampeleka kwa nyanya yako Kangeta. Nitaenda kwa daktari wa ngozi, nimwonyeshe mdomo na mgongo.
Mama

Meru, 23 Machi

Mukiri wangu,
Masomo yanaendaje? Daktari alisukuma ngozi kando ya lengelenge kwa kidole, ikasogea kama utando juu ya maziwa. Akakata kipande, kikapimwa maabara. Ugonjwa unaitwa pemfigasi: kinga ya mwili inashambulia ngozi yangu mwenyewe. Dawa nitameza muda mrefu, lakini mdomo umeanza kupoa. Nikamuuliza kuhusu mtoto. "Mama, huu hauambukizi kabisa." Nililia mbele yake.
Jana nilikwenda kumchukua. Alijificha nyuma ya nyanya yako, akimwita mama. Nilipombeba alipiga mayowe. Nikarudi peke yangu.
Mama yako

Embu, 30 Machi

Mama mpendwa,
Pole sana. Nashukuru kwamba sasa tunajua ni nini. Usiache dawa, hata zikikuvimbisha uso. Muulize daktari kwanza. Ijumaa tunafunga shule. Twende Kangeta tukae likizo yote. Tusimbebe kwa nguvu. Atakuja mwenyewe, naamini.
Mukiri wako

Kangeta, 11 Mei

Mukiri,
Natumai ulifika shuleni salama. Mimi bado niko huku, mgongo unakauka. Kajuju angali analala na nyanya. Leo asubuhi nilikuwa nakunywa uji, akaja akasimama mbele yangu, mdomo wazi. Mkono wangu ulikataa kwanza, kwa mazoea ya kuogopa kumwambukiza. Halafu nikampa, kwa kijiko changu mwenyewe. Akameza, akasema, "Tata." Ndivyo anavyowaita shangazi zake wote.
Sikumsahihisha. Nilichota kijiko kingine.
Mama