Pilipili Chini ya Mlango wa Ghala

Maneromango, Jumanne, Novemba 1976

Bila mimi, kijiji hiki cha ujamaa kingekuwa pori mpaka leo. Wanajua wenyewe.

Mchana Seif, mtoto wa jirani, alifumaniwa anaiba korosho, akajifungia ghalani na panga. Wanakijiji waliomfukuza na marungu waliogopa kuufungua mlango. Mimi nikamwaga pilipili kavu kwenye chungu cha makaa, nikaupepea moshi uingie kwenye upenyo wa chini ya mlango. Chatu niliwahi kumtoa hivyo, sembuse Seif.

Alikohoa, akapigapiga ukuta. Kifua kikalia filimbi, halafu kimya. Tulipovunja mlango midomo ilikuwa rangi ya majivu, na bado mtu akamtandika rungu la mgongo.

Tulipomfikisha zahanati, tabibu alinifokea mbele za watu. "Mjomba, kooni na kifuani mna ncha za mishipa ya fahamu. Pilipili ikizigusa zinadhani ni moto, njia ya hewa inajibana. Ungemuua."

Jioni Seif alivuta pumzi vizuri. Nimewaambia wanakijiji nilipima moshi kwa makusudi. Sikupima.

Na ule moshi ulinirudia. Nilikohoa nyuma ya ghala mpaka nikajikojolea. Mke wangu ameifua suruali na kuianika chumbani, watu wasiione.