Geti la Abdiel

Njiro, Arusha
11 Februari 2024

Mama Abdiel mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani Akheri. U mzima? Magoti yanasemaje? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi sijambo. Nyonga inauma asubuhi tu, nikishatembea kidogo inaachia.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Jana nilipiga, binti yetu Violet akakuwekea sikioni, nikakusikia unasema "Haloo, haloo, nani wewe?" mpaka nikakata kwa uchungu. Masikio yamekukimbia, mke wangu, lakini macho nayajua. Niliyapasua kwa mikono hii, moja baada ya jingine, wenzangu wakininong'oneza kwamba daktari hampasui mkewe. Nikawaambia, sasa nimwachie nani? Basi, soma. Mama Aikaeli, anayeleta maziwa huku Njiro, amekubali kutubebea barua.

Nilipoanguka shambani, Abdiel alisema nije kwake wiki mbili, nyonga ipone. Wiki mbili zimezaa nyingine. Nikimwuliza narudi lini, ananijibu, "Baba, kwani hapa si kwako?" Utamjibu nini mtoto anayesema hivyo?

Hawanitesi, simsingizii mtu. Sia mkwe wetu ananikatia nyama vipande vidogo kama vya mtoto. Wajukuu hunikalia huku na huku kwenye kochi, utadhani mimi ni gunia la sukari litakaloibwa. Ila ukuta ni mrefu, juu una waya za umeme, na geti halifunguliwi mpaka mlinzi aridhike. Mlima wetu nauona kichwa tu, juu ya simtanki ya jirani. Miaka themanini na minne, na leo naomba ruhusa ya kwenda kununua gazeti.

Waambie watoto unanihitaji. Wakisikia kwako watanirudisha.

Wako,
Baba Abdiel


Akheri
24 Februari 2024

Baba Abdiel,

Bwana asifiwe. Barua imefika ikinuka maziwa. Nimefurahi hata hivyo. Hapa hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, bahati mbaya. Magoti ni yale yale.

Nimewaambia. Nilimwambia Violet, akatikisa kichwa, akaandika kwenye simu yake kwa herufi kubwa: MAMA, BABA ANAHITAJI UANGALIZI. Siku hizi wanaongea mbele yangu kama wanaongea mbele ya kabati. Violet ameacha biashara yake Dar, amekuja kunilinda. Ameondoa kapeti nisijikwae, ameficha panga nisikate majani ya ng'ombe. Jana nimekuta jiko la kuni limewekewa kufuli. Nilipika kwenye jiko lile kabla yeye hajazaliwa!

Watu bado wanakuja kukuuliza. Juzi kaja bibi mmoja kutoka Ngarenanyuki, jicho amelifunga kwa kanga, ametembea tangu alfajiri. Akasema, "Nimeambiwa Daktari Elinami hakatai mtu hata akistaafu." Nikampa chai na loshoro, ile ya mtindi na makande uipendayo, nikamwelekeza hospitali. Akauliza umekwenda wapi. Nikasema uko mjini. Sikusema umefungiwa.

Kula vizuri. Usigombane na mtoto.

Mama Abdiel


Njiro
17 Machi 2024

Mama Abdiel,

Pole na hali, na pole kwa hilo jiko. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka. Nina habari, na najua utanigombeza.

Jumatatu nilitoroka.

Abdiel alikuwa kazini, Sia amekwenda sokoni. Nilivaa koti la Abdiel na kofia yake, nikatembea wima kadiri nyonga ilivyoniruhusu. Mlinzi anaitwa Yiamat, mzee wa Monduli, si mtu mbaya. Aliponiona akanyanyuka, akafungua geti akasema, "Siku njema, bosi." Mama Abdiel, alidhani mimi ni Abdiel! Nilitoka nikiwa na furaha kama mtoto aliyekwepa shule. Nikapata bajaji. Nikamwambia kijana, "Nipeleke Akheri, pita njia yoyote."

Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa nilipoanza kuuona uso wa Yiamat. Jicho lile linatiririka machozi, kope zimegeukia ndani zinakwaruza mboni. Trakoma, ugonjwa uleule niliozunguka kuutibu Umasaini maisha yangu yote. Ndiyo sababu alishindwa kutofautisha baba na mwana. Na jioni Abdiel akirudi asinikute, atamfukuza kazi. Mtu mwenye macho yale atalinda wapi tena?

Nikasema, "Geuza." Kijana akashangaa, "Mzee, si ulisema Akheri?" Nikasema, "Geuza, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Abdiel alipata habari kwa jirani. Hakupaza sauti. Alipiga magoti mbele ya kiti changu, mtu mzima yule na mvi zake, akalia. "Baba, nilikukuta chini ya mibuni, mvua inakunyeshea, umeshindwa hata kuita. Nilidhani umekufa. Unataka nikukute hivyo mara ya pili?" Nikamshika kichwa. Ningekuwa na watoto wabaya ningewashtaki kanisani, ningewalaani. Hawa nitawashtaki kwa nani?

Nimebaki hapa nimekaa.

Baba Abdiel


Akheri
6 Aprili 2024

Baba Abdiel,

Amani iwe kwako. Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika. Na nyonga hiyo! Ungeanguka barabarani nani angenieleza?

Sasa nisikilize. Pasaka Abdiel alikuja hapa bila wewe, akasema umechoka. Wakakaa sebuleni na Violet. Baadaye Violet akanipa karatasi amepiga mstari chini ya kila neno. Wametugawana. Baba atabaki kwa Abdiel, Mama atakwenda Dar kwa Violet, mwezi wa sita. Nyumba itafungwa. Wamesema ndiyo haki, asielemewe mmoja.

Wametugawana kama mashamba, na sisi hatujafa.

Niliandika chini yake: "Baba amesemaje?" Violet akaandika: "Baba ameelewa."

Je, umeelewa? Niambie wewe mwenyewe.

Mama Abdiel


Njiro
28 Aprili 2024

Mama Abdiel wangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Natumaini mvua hizi hazijaubeba ule mgomba wa bondeni.

Sikuelewa, maana sikuulizwa. Nilipopata barua yako nilimwita Abdiel. Nikamwambia, "Mama yako hatakaa Dar." Akasema, "Baba, Dar kuna wataalamu wa masikio." Nikasema, "Na mimi?" Akasema, "Mtaonana kwenye simu, kwa video. Kila siku ukitaka." Alisema kwa upole kabisa, kama nilivyokuwa nikiwaambia wagonjwa kwamba jicho halitarudi.

Ninajua walikojifunza. Nilikataa kazi ya Nairobi, nikakataa ya Wizarani, ili nile chakula cha jioni na watoto wangu. Walifanyia kazi zao za shule kwenye zahanati yangu Ngarenaro, katikati ya wagonjwa. Kila siku niliwaambia mtu wa kwetu haachwi peke yake. Wamenisikia. Sasa wananishika kwa maneno yangu mwenyewe.

Kuhusu Yiamat. Mikono yangu inatetemeka, siwezi tena kushika kisu, lakini nilimwomba Sia ampigie Philemoni, mwanafunzi wangu wa zamani. Philemoni na wenzake wakamchukua Yiamat, wakamgeuza kope kwa upasuaji, wakamrudisha. Kabla hajaenda aliniuliza, "Babu, nikipona si nitakuona ukitoka, nilazimike kukuzuia?" Kumbe alikuwa amejua siku ile ni mimi, alijua nilipokwisha kupita. Nikamwambia, "Nenda, jicho halisubiri." Jana ameniita kutoka getini: "Daktari! Naona mpaka nyuzi za sweta lako!" Amefurahi, akacheza. Nami nilifurahi, Mungu ni shahidi. Kisha nikaingia ndani nikajilaza mchana kutwa.

Sasa sikia ombi langu. Wewe usikubali kutoka hapo. Kataa, lia, jifungie chumbani. Mmoja wetu abaki na mlima. Mimi usinihofie, nimeshazoea. Chakula kizuri, wajukuu wapo, nalala vizuri.

Mumeo,
Baba Abdiel


Akheri
21 Juni 2024

Baba Abdiel,

Hujambo, mume wangu? Najua ulingoja jibu, na wiki zimepita nyingi. Sikutaka kuandika kabla mambo hayajakaa.

Umesema umeshazoea. Muongo. Mtu aliyezoea haandiki kwamba analala vizuri.

Jumapili iliyopita watoto walikuja wote kunifungia mizigo. Violet alishafunga sanduku. Nikakaa juu yake. Nikachukua karatasi, nikaandika, nikampa Abdiel asome kwa sauti: "Mama hagawanywi. Nirudishieni baba yenu hapa Akheri." Wakatazamana. Abdiel akaandika kwamba haiwezekani, ngazi zile, mvua, shamba, hospitali iko mbali. Niliomba mara ya pili. Niliomba mara ya tatu, mimi niliyemzaa. Akakataa huku analia. Niliona mwanangu hatakubali kamwe, hata nikifa nimekaa juu ya sanduku.

Ndipo nikaandika: "Basi nipelekeni aliko."

Abdiel akasema kitu, nikakisoma mdomoni: Sia hataweza wazee wawili. Kumbe Sia alikuwa mlangoni na sufuria. Akaiweka chini. Sikusikia alichosema, lakini nilimwona alivyosimama. Baadaye aliniandikia mwenyewe: "Nilimwuliza, nani kakwambia siwezi?" Yule ni mtoto wetu, Baba Abdiel, si mkwe.

Kwa hiyo mlima hatubaki nao hata mmoja wetu. Najua ulitaka nibaki. Nilijaribu kuwaza nyumba hii, mimi humu na wewe kule, nikaona ni kufuli tu ya aina nyingine. Ng'ombe nimempa Mama Aikaeli pamoja na ndama. Ufunguo anao Violet. Leo asubuhi nimezunguka mibuni yote, nikaigusa mmoja mmoja. Sitakudanganya kwamba sikulia. Nimelia mpaka Violet akaniletea kiti.

Waambie wakutolee hicho kitanda chembamba. Nimeshamwandikia Abdiel aweke kikubwa, na sikumwomba.

Barua hii haisafiri na maziwa. Naibeba mwenyewe, nitakupa mkononi, kwa sababu nikifika nitashindwa kusema na wewe utapaza sauti bure. Isome polepole nikiwa nimekaa kando yako. Ukimaliza, mwambie Yiamat afunge geti.

Mkeo,
Mama Abdiel