Mama, Fremu Haikuwa Imenyooka

Kwako Mama, uliyechomelea mageti mengi kuliko mafundi wote wa Ruring'u,

Nimekaa kwenye kibanda chako cha mabati, juu ya ile ndoo ya rangi iliyokuwa kiti chako. Mvua inanyesha tangu asubuhi na mlima hauonekani. Kuna uongo niliokuambia, na nimechoka kuubeba.

Unakumbuka siku nilipoleta nyumbani ile pikipiki kuukuu iliyostaafu kazi ya boda boda? Nilikuambia nataka kuikata sehemu ya nyuma, nitoe springi zote, gurudumu nilifunge moja kwa moja kwenye fremu kwa vyuma viwili, kiti kiwe kimoja tu na kikae chini. Ulinitazama kana kwamba nimekuambia naacha kanisa.

"Ati pikipiki bila springi? Kwa hii barabara yetu? Maitu, hiyo kitu itakuvunja mgongo."

Ndivyo ulivyoniita tangu nizaliwe, maitu, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yako. Jirani yetu Baba Kimani alichungulia juu ya ua akauliza, "Na abiria atakaa wapi?" Ukamjibu bila kugeuka, "Abiria atatembea. Si yeye ako na miguu?" Hapo nikajua umekubali.

Asubuhi ulikuwa ukimaliza geti la mtu wa Sagana, alasiri tunageukia pikipiki. Mimi nakata, wewe unachomelea. Ulikuwa mkali, Mama. Ukinikuta nimeficha kosa kwa rangi ulinirudisha mwanzo, hata kama chai imeshamiminwa. Na kanuni yako niliisikia hadi nikaichoka: "Kitu hauna hakika nayo, shika na nukta tu. Ukichoma yote, utakata na machozi." Yaani chuma kishikwe kwanza kwa vidoa vichache vya moto, kitazamwe, ndipo kichomwe chote.

Siku hizo ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kula macho yako. Hukusema, lakini nilikuona ukipapasa chuma kwa kidole gumba kabla ya kukigusa kwa moto. Siku ya kile chuma cha mwisho, cha upande wa kulia, nilitaka kukushikia ukanifukuza. Ulipomaliza ukavua miwani ya giza, ukauliza, "Imenyooka?"

Nilikuwa nimefunga uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, jinsi ulivyonifundisha. Uzi uliachana na tairi kwa upana wa kidole. Wewe hukuweza kuuona.

"Imenyooka, Mama," nikasema.

Ukapitisha kidole gumba kwenye kiungo, polepole, kisha ukasema, "Sawa. Lakini usiende nayo mbali. Bado sijamaliza." Nikadhani ni uchovu unaongea. Siku hiyo hiyo nikaipaka rangi nyeusi, mimi niliyelelewa na wewe. Wiki mbili baadaye presha ikakuangusha, tukakuzika kando ya miti yetu ya kahawa.

Baada ya matanga niliiendesha hadi kanisani na kurudi. Njia nzima ilivuta kushoto, kuelekea mtaroni. Nikalaumu tairi, nikalaumu mnyororo, nikalaumu hata barabara. Kumbe nilijua. Ili inyooke ni lazima kile kiungo kikatwe, na hicho ndicho kitu cha mwisho mkono wako ulichochoma. Niliona nikikikata nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nisipokikata, kazi yako ya mwisho duniani itabaki imepinda, nami ndiye niliyeiacha hivyo. Grainda, ile mashine ya kukatia chuma, imening'inia ukutani mwaka mzima.

Jumamosi iliyopita nilijikaza. Nikaipindua pikipiki magurudumu juu, nikakwangua rangi. Upande wa juu wa kiungo upo ule mstari wako wa kuchomelea, umepangika kama mahindi kwenye gunzi. Upande wa chini, ambako sikuwahi kutazama, palikuwa na nukta tatu tu.

Nililia, Mama, kisha nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ulijua imepinda. Kidole chako kiliona, na bado ukaniacha niseme uongo wangu, kwa sababu ulijua naona aibu kukuambia macho yamekwisha. Hukunigombeza. Ukaniachia mahali pa kukata.

Nikakata. Hata dakika kumi hazikuisha. Nikafunga uzi upya, nikashika na nukta, nikatazama, nikatazama tena, ndipo nikachoma chote. Mstari wangu ni mbaya, ungeucheka. Nilimwita Baba Kimani atazame uzi kwa jicho lake, maana langu siliamini siku hizi. Akafumba moja, akainama, akasema, "Iko sawa kabisa. Lakini sasa, abiria?"

Jana nilienda nayo mbali, hadi Kerugoya na kurudi. Haikuvuta popote. Mgongo unaniuma vibaya sana, na nakusikia ukisema si ulinikanya.

Pumzika, Mama. Uliniuliza swali nami sikulijibu. Haikuwa imenyooka. Sasa imenyooka.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama yako,
Wambui