Sabufa na Ukuta wa Bu Warsini

Ratri, mjukuu wangu,

Nimekwenda sokoni. Wali umo sufuriani. Mvua ikija, anua nguo.

Asubuhi jirani yetu Bu Warsini alituletea supu, akakuambia, "Una bidii kweli. Muziki wako unafika mpaka kitandani kwa mtoto wangu." Ukamshukuru, ukaongeza sauti. Mwanangu, hapa kwetu hayo ndiyo malalamiko. Kichanga kina siku tisa, mama hajalala, na bado alitupikia.

~~Rudisha hiyo sabufa leo.~~ Najua bila sabufa huisikii besi vizuri unapochanganya muziki. Ila ukuta ni mmoja. Dukani wanakubali kubadilisha hadi kesho, na zile spika mbili ndogo zingetosha chumba chako. Chagua mwenyewe. Mimi nimechoka kumsikia mtoto akilia, nawe ukidhani ni sehemu ya wimbo.

Bibi yako,
Mbah Karsi