Kwenda Busan Kumtazama Mansour

Turffontein,
Johannesburg.
13 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Ahmad,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza kimekuacha. Huko kwenu baridi inaingia, huku kwetu inatoka. Jakaranda zimechanua mtaa mzima. Watu wanazipiga picha, mimi nafagia. Unakula vizuri? Wifi yangu, mama yako, anasema umemwambia unakula vizuri, nami najua kijana akimwambia mama yake hivyo huwa ana maana gani.

Sisi hatujambo. Maji yalikatika karibu wiki nzima, tukawa tunachota kwenye lori la manispaa pamoja na majirani ambao hatukuwahi kusalimiana nao. Goti langu la upande wa kanyagio la cherehani linauma kunapotaka kunyesha, kwa hiyo sasa natabiri mvua kuliko redio. Victorine, yule msusi wa kutoka Bukavu ninayechangia naye chumba cha kazi, anakusalimu. Hajakuona, lakini jina lako amelisikia hadi amelizoea.

Barua hii anakuja nayo shemeji yangu Bakiri, anayekwenda Incheon kununua injini za magari kama kawaida yake. Akifika ataitia posta ya huko ikufikie Daejeon. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ikigoma huitengeneza binti yangu Nusaiba, na anayeitengeneza huisoma. Utaona mbele kwamba tahadhari hiyo haina kazi tena, lakini karatasi nilikwisha kununua.

Sasa safari yako ya Busan. Siku ile tulipozungumza mtandao ulikuwa unakatika na wewe ulikuwa unacheka, kwa hiyo nalipanga jambo upya ulielewe vizuri.

Baada ya Idi ya kuchinja, watu wa Mansour walileta posa ya dada yako Nusaiba. Mansour ni mtoto wa watu wa Pangani, fundi wa injini za meli, na anafanya kazi Busan kwenye karakana ya kutengeneza meli. Mwaka jana alikuja hapa kumtembelea ami yake anayekaa Fordsburg, akamwona Nusaiba kwenye harusi. Posa ilikuja kama inavyotakiwa: wazee, barua, adabu, na sahani ya halua ambayo Victorine aliimaliza. Bakiri, kwa kuwa ndiye baba mdogo wa binti na ndiye walii wake tangu marehemu mume wangu alipofariki, alisema atafuata neno langu. Kwa hiyo jibu liko kwangu.

Unajua kwetu jibu halitoki mpaka upande wa mke umeuliza. Na katika mji huu, mwenye kazi ya kuuliza ni mimi. Mtu akiposewa binti, anakuja kwangu: Mama Nusaiba, tuulizie. Nami nakwenda msikiti anaosali kijana, nakwenda anakopanga, nakwenda kwenye spaza, kiduka cha mtaani anakonunua mkate. Mwenye spaza anajua mengi, anajua nani anakopa na nani ananunua sigara akisema ni za rafiki. Nimevunja posa Hillbrow na nimeokoa posa Soweto, na hakuna aliyewahi kujua kwamba nilikuwa nauliza. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa na kujisifu kumo.

Kwa Mansour nilikwama. Majirani zake ni Wakorea, na mimi Kikorea sijui hata salamu. Kumtuma Bakiri hakufai, maana Bakiri anajulikana, na mtu akijua anatazamwa hupiga pasi hata maneno. Ndipo nikakukumbuka wewe, kijana asiyejulikana, aliye karibu, anayekwenda zake matembezi ya wikiendi.

Ratiba niliipanga na Nusaiba. Nilimwambia tu kwamba kaka yake Ahmad amechoka na maabara, anataka kuiona Busan, basi amtafutie mahali pa kutembea. Alikubali upesi. Ijumaa asubuhi upande treni ya mwendo kasi kutoka Daejeon, uwahi sala ya Ijumaa. Msikiti wa Busan uko upande wa kaskazini, unafika kwa treni ya chini ya ardhi. Jioni upande Gamcheon, mtaa wa mlimani wenye nyumba za kila rangi, utembee vichochoroni na ngazi zake. Jumamosi asubuhi uende soko la samaki la Jagalchi, ambako wauzaji wengi ni akina mama, na nimeona kwenye picha kwamba hawana mzaha. Kisha uvuke kwenda kisiwa cha Yeongdo kwa lile daraja la zamani, maana Jumamosi mchana huwa wanalinyanyua na watu husimama kutazama. Huko Yeongdo kuna mtaa wa karakana za meli ambako zamani wanawake walikuwa wakining'inia ubavuni mwa meli na nyundo, wakigonga kutu. Hao ningependa kuwaona mimi mwenyewe. Jumapili uende ufuko wa Haeundae, halafu urudi zako.

Nilivutiwa na jinsi Nusaiba alivyoijua Busan. Kituo cha kushukia alinitajia bila kuangalia simu. Nikamwambia una akili, mwanangu. Akaenda kuinjika chai.

Ratiba ilikuwa yake, lakini kazi ilikuwa yangu, na kazi nilikupa kwa maneno mawili: tafuta kasoro. Msikitini uulize kama anaonekana siku zisizo Ijumaa. Sokoni umvizie uone anavyosema na wale akina mama. Karakanani uulize kama ana mke mwingine, deni, au ulimi mchafu. Wewe ulidhani shangazi yako anafanya kazi yake kama siku zote. Sivyo. Kwa watoto wa wenzangu nilikuwa nauliza nijue. Kwa Nusaiba nilitaka kasoro moja nzito, niitoe mbele ya wazee, nijibu hapana bila kuonekana mbaya. Mtoto ni mmoja, baba yake hayupo, na Busan ni mbali. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine sina.

Sasa nikueleze kilichotokea, na naomba usimsimulie baba yako, maana atanitania hadi naingia kaburini.

Mwezi wa nane alikuja dukani mwanamke mmoja, jina lake Tabia, mtu mzima, mpole, akasema yumo safarini kutoka Durban na anataka gauni la mikono mirefu. Alikuwa na kitambaa kizuri, kijani iliyokolea. Nikachukua kipimo. Wewe unajua mimi sipimi mtu nisiyekusudia kumshonea. Kipimo kilichochukuliwa kisishonwe nakiona nuksi, na wateja wa kuuliza bei tu nawapima kwa macho. Huyu nilimpima kwa utepe. Na katika kazi yetu mtu akipimwa ulimi hulegea. Nimesikia siri za nusu ya mji nikiwa nimeshika utepe. Siku hiyo sijui ilikuwaje, ulimi uliolegea ulikuwa wangu. Aliuliza kama nina watoto. Nikasema mmoja. Akauliza ni binti wa namna gani. Nikamwambia kila kitu: kwamba ni mkaidi, kwamba anaunguza wali, kwamba anapenda kulala baada ya alfajiri, lakini hasemi uongo na hajawahi kunipandishia sauti. Akauliza kama ameposwa. Nikasema ndiyo, na mtu wa mbali, na akiondoka nitabaki na cherehani tu, na cherehani haiulizi umeamkaje.

Alikuja kulijaribu gauni mara mbili, na mara zote mbili nilisema tena. Victorine alikuwa akisuka pembeni, amenyamaza, jambo lililopaswa kunishtua.

Wiki iliyopita mke wa ami yake Mansour alikuja dukani kunywa chai. Hakuja peke yake. Nilifungua mlango, na kitu cha kwanza nilichokiona ni gauni la kijani nililolishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, pindo langu, mikono yangu, na ndani yake amesimama Tabia. Ni dada yake Mansour, mkubwa wake. Durban ni kweli anakaa, hilo halikuwa uongo. Akaniamkia kwa adabu, akasema gauni limemkaa vizuri.

Mchimba shimo, mwanangu, hutumbukia mwenyewe. Walipoondoka, Victorine alisema nyuma ya mkasi wake: "Mama Nusaiba, ule mwanamuke alikuwa anakuuliza maulizo kama polisi, na we unajibu tu. Mi nilizani unajua." Nimeuliza watu mji mzima, na siku nilipoulizwa mimi sikujua, hata nilimpunguzia bei kwa sababu alikuwa msikilizaji mzuri.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya aibu. Tabia alimfikishia mdogo wake yote, ya wali ulioungua na ya cherehani. Mke wa ami alinieleza, akiwa anatazama kikombe, kwamba Mansour amewaomba wasinisumbue. Kuhusu wali, amesema atapika yeye. Kuhusu jibu, amesema maneno ambayo mama huyo aliyarudia kama alivyoyapokea: "Msimharakishe mama wa watu. Likae hata mwaka. Mimi nipo."

Nilitaka niyatilie shaka maneno hayo na nikashindwa. Nimesikia vijana wengi wakiposa. Wote wana haraka, na wenye haraka kubwa ndio wenye la kuficha. Huyu alipewa kasoro zetu zote akiwa huko aliko, mimi nikiwa nimetuma mtu kuzitafuta zake.

Jioni ile nikamwambia Nusaiba ukweli wa safari yako. Alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya ratiba, na ratiba ile aliipanga ili upite kila mahali Mansour anapopita, uonane naye upende usipende. Dada yako, unavyomjua, mimi nasema naye Kiswahili na yeye hunijibu Kiingereza, tangu shule. Basi safari hii alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema polepole, kwa Kiswahili: "Mama, mimi namtaka. Lakini wewe ukisema hapana, mimi siendi. Na sitakasirika."

Afadhali angekasirika. Kumkatalia mtoto anayekasirika ni rahisi. Nilizima taa ya cherehani nikaenda kulala, na sikulala.

Kwa hiyo Ahmad, safari iko palepale lakini kazi imebadilika. Usimvizie mtu sokoni. Msikitini, ukimaliza sala, mtafute Mansour mwenyewe, mpe mkono, mwambie wewe ni mtoto wa Salum wa Tanga na mimi ni shangazi yako. Mwache akutembeze, ni mwenyeji, anajua wapi samaki ni safi. Ule kwake. Ukae naye pale darajani linaponyanyuka. Kama ana neno la kuniuliza, aulize, nimekwisha kuzoea. Ukiona jambo la kweli, la kutisha, niambie, nitaliheshimu. Bali usilitafute.

Mwangalie tu kama anasikiliza mtu akisema jambo la polepole. Nusaiba akiwa na huzuni huchukua muda kusema, na mtu wa haraka atadhani amemaliza.

Bakiri ana mzigo wako pamoja na barua hii. Kuna kanzu yako mpya, nimeshona kwa kukisia kwamba hujanenepa, na sweta kutoka kwa Victorine, ambaye anaamini Korea yote ni barafu. Usimcheke, livae, umpigie picha.

Ndani ya mfuko wa kanzu utakuta utepe wa kupimia, ule wangu wa zamani, wa njano. Siku ya kuagana na Mansour, mpime. Mabega kwanza, kisha kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, kisha mkono akiwa ameukunja kidogo. Niandikie vizuri, usikisie. Akikuuliza ni vya nini, mwambie shangazi yako hachukui kipimo cha mtu asiyekusudia kumshonea.

Baba yako nimemwandikia kando, na bibi yako nimemtumia salamu kwa njia yake. Nusaiba anakusalimu na anasema usisahau kwenda Taejongdae kwenye majabali, siku isiyo na mawingu. Bakiri anakusalimu ingawa mtasemezana kwa simu kabla hujaisoma hii. Nisalimie wenzako wa maabara, na yule mama Mkorea anayekuletea kabichi ya pilipili mwambie mimi nashukuru.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akufungulie masomo yako, akurudishe kwetu ukiwa na afya na akili zako zote. Amina.

Wako akupendaye na kukuombea,
Shangazi yako,
Mwatumu